Kabla ya Kutoa Fedha: Mfanyakazi na Nyumba Yake



Katika mwaka wa 2023 alifika ofisini kwetu mwenzetu mmoja, fundi wa mitambo katika kiwanda cha nguo, na mkononi ameshika bahasha ya kaki. Alikaa kwenye benchi kitambo kirefu bila kusema neno. Tulipomkaribisha alitoa karatasi moja iliyoandikwa kwa kalamu, yenye sahihi sita na mhuri wa kijiji, akaiweka juu ya meza. Akasema, "Ndugu Katibu, naomba unisomee. Hii ni hati ya ardhi, au siyo hati?"

Haikuwa hati. Ilikuwa karatasi ya mapatano ya kununua kibanja cha futi 50 kwa 100, upande wa Mukono, kwa shilingi 9,000,000. Mwenzetu huyu alikuwa ametimiza miaka 45, na kwa kuwa sheria ya Mfuko wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) ilirekebishwa mwaka wa 2022, aliweza kuchukua asilimia 20 ya akiba yake kabla ya kustaafu. Alipata 2,600,000. Akakopa 5,000,000 katika ushirika wa akiba na mikopo wa wafanyakazi. Mkewe akauza nguruwe na mahindi, akatoa 1,400,000 zilizobaki. Fedha zote zilitolewa siku moja, taslimu, chini ya mwembe, mbele ya mwenyekiti wa kijiji.

Aliyeuza alikuwa kijana mmoja aliyesema kwamba kibanja ni cha marehemu baba yake. Hilo lilikuwa kweli. Lakini marehemu alikuwa na watoto wengine sita na mjane, na mjane huyo alikuwa akiishi hapo hapo, nyuma ya migomba, hatua kama themanini kutoka chini ya ule mwembe. Hakuna aliyemwuliza. Tena hakuna aliyekwenda kwa mwenye ardhi, yaani yule mwenye hati ya mailo ambaye kibanja chenyewe kimo ndani ya ardhi yake. Mwenzetu alipopeleka matofali, mjane alitoka na watoto wake wakayarudisha barabarani. Kijana alikwisha kwenda zake.

Leo mwenzetu hana kiwanja, na alikatwa mshahara miezi 24 kwa ajili ya ardhi ambayo si yake. Ameturuhusu kuyaeleza haya ila jina lake. Tunayaeleza kwa sababu katika miaka hii michache tumeona bahasha kama ile si chini ya kumi na mbili, na karibu zote zilikuja baada ya fedha kutoka. Shida yetu ndiyo hiyo: wanachama wanatuletea karatasi baada ya kutia sahihi.

Tuanze na sababu inayotufanya tuhangaikie nyumba. Mfanyakazi wa shamba la chai au la miwa anakaa katika laini za kampuni. Chumba si chake. Ni sehemu ya kazi, na siku kazi inapokwisha anarudisha ufunguo. Tumeona wazee waliochuma chai miaka thelathini wakitoka katika laini na magodoro kichwani, hawajui waende kwa nani. Walio mjini nao hawako salama zaidi. Majumba ya Nakawa na Naguru mjini Kampala, yaliyojengwa zamani za ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi, yalibomolewa mwaka wa 2011, na maelfu ya watu waliokuwa wapangaji wakatawanyika. Wenzetu wa Walukuba, Jinja, wanalijua jambo hili vizuri, kwa maana kila baada ya miaka michache huanza maneno mapya juu ya nani atakaa na nani atatoka. Nyumba ya kupanga au ya kampuni ni ya leo.

Sasa fedha zitoke wapi? Hapa lazima tuseme wazi kwamba kwanza ni suala la mshahara. Kima cha chini cha mshahara katika Uganda kiliwekwa mwaka wa 1984: shilingi 6,000 kwa mwezi. Hazitoshi hata kwa chakula cha siku mbili. Bunge lilipitisha mswada wa kima kipya mwaka wa 2019, lakini Rais hakuutia sahihi. Basi msomaji asidhani kwamba tunamwambia kuwa umaskini wake unatokana na kutojua kuweka akiba. Tunachosema ni kwamba kidogo anachokipata kinaibiwa kwa njia nyingi, na njia nyingine tunaweza kuziba wenyewe.

Akiba ya kwanza ya mfanyakazi ni ile asiyoiona, yaani ya NSSF. Katika mshahara wako hukatwa asilimia 5, na mwajiri huongeza asilimia 10 kutoka mfukoni mwake. Tuchukue mfanyakazi wa shilingi 400,000. Yeye hukatwa 20,000, mwajiri huongeza 40,000, jumla 60,000 kwa mwezi, ambazo ni 720,000 kwa mwaka. Kwa miaka 15 ni 10,800,000, kabla ya kuhesabu faida inayoongezwa na Mfuko kila mwaka. Kwa wengi wetu hakuna fedha nyingine kubwa kuliko hiyo maishani. Tangu marekebisho ya 2022 kila mwajiri anapaswa kuchangia, hata kama ana mfanyakazi mmoja tu. Zamani wale wenye wafanyakazi chini ya watano walikuwa nje.

Lakini fedha hizi zinahitaji kulindwa. Kuna waajiri ambao huandika makato katika karatasi ya mshahara kisha wasiyapeleke. Mfanyakazi huja kujua baada ya miaka kumi, kampuni imeuzwa au imefungwa, na meneja yuko Ulaya. Mwulize karani wa mishahara namba yako ya NSSF, nenda ofisi yao yoyote au tumia simu, ukapate taarifa ya akiba yako angalau mara mbili kwa mwaka. Linganisha mwezi kwa mwezi na karatasi zako za mshahara. Ukiona mwezi umekosekana, usigombane na karani peke yako. Lete karatasi hizo kwa mwakilishi wa chama katika idara yako.

Kuhusu ile asilimia 20, masharti ni mawili: uwe umetimiza miaka 45, na uwe umechangia angalau miaka 10. Tunaomba wanachama waifikirie kwa makini. Ukiitoa leo haipo tena kesho, na faida yake ya miaka iliyobaki imekwenda nayo. Kuitumia kununua ardhi ya kweli si vibaya. Kuitumia kununua ugomvi, kama alivyofanyiwa mwenzetu, ni hasara mara mbili.

Halafu kuna mkopo. Wenzetu wengi wanapouliza habari za mkopo huuliza swali moja tu: "Nitapewa shilingi ngapi?" Maswali ya kuuliza ni mengine, nayo ni riba gani kwa mwezi, na inahesabiwa juu ya nini. Tutazame mfano. Umekopa 3,000,000 kwa miezi 24, riba ni asilimia 2 kwa mwezi. Ikiwa riba inahesabiwa juu ya deni linalobaki, mwezi wa kwanza utalipa riba ya 60,000, mwezi wa pili 57,500, na itaendelea kushuka. Mpaka mwisho riba yote ni 750,000. Ikiwa inahesabiwa kila mwezi juu ya ile 3,000,000 ya mwanzo, ingawa umekwisha kulipa nusu, riba yote ni 1,440,000. Asilimia ni ile ile 2, lakini tofauti ni karibu 700,000, ambayo ni bei ya mabati mengi. Wakopeshaji hawapendi kulifafanua jambo hili. Mwambie karani akuandikie katika karatasi utakayolipa kila mwezi mpaka mwisho, kisha ujumlishe mwenyewe.

Yule mkopeshaji wa mtaani, anayekaa karibu na lango la kiwanda siku ya mshahara na kuchukua kadi za benki za watu kama dhamana, yeye hutoza asilimia 10 kwa mwezi, na wengine hupita hapo. Kwa 3,000,000 maana yake ni riba ya 300,000 kila mwezi. Ukilipa riba tupu miezi kumi umekwisha kumpa 3,000,000, na deni bado zima. Tena wengine hawaandiki mkopo. Wanakutilisha sahihi karatasi ya mauzo ya kibanja chako kana kwamba umewauzia, na ukichelewa siku moja wanakuja na karatasi hiyo. Mfanyakazi asitie sahihi karatasi ya kuuza ikiwa hauzi.

Ushirika wa akiba wa wafanyakazi ndio tunaoupendelea, na si kwa sababu ni wetu tu. Vyama vingi hukopesha mara mbili au tatu ya akiba ya mwanachama, na faida inarudi kwa wanachama. Lakini hata huko jiulize: baada ya makato, kinachobaki kinatosha chakula, karo na nauli? Sisi tunashauri makato yote ya mikopo yasizidi theluthi moja ya mshahara unaopokea mkononi. Aliyebaki na robo ya mshahara atakwenda kwa yule wa langoni kabla ya tarehe 15, na hapo mkopo wa nyumba umegeuka kuwa mkopo wa unga.

Jambo jingine ambalo watu husahau ni kwamba bei ya kiwanja si gharama yote. Ukinunua ardhi yenye hati kwa 12,000,000 ushuru wa stempu ni asilimia 1.5 ya thamani, yaani 180,000, nayo thamani hiyo hukadiriwa na mthamini wa serikali, hivyo inaweza kuwa juu ya bei uliyolipa. Ongeza mpimaji wa kuonyesha mipaka, wakili, ada za ofisi ya ardhi, na safari zako ambazo kila moja ni siku ya kazi iliyopotea. Ukinunua kibanja, kuna ile "kanzu" ya mwenye ardhi, ambayo wengine wanadai ifikie sehemu ya kumi ya bei. Kwa hiyo mwenye 12,000,000 asitafute kiwanja cha 12,000,000.

Sasa tuje kwenye ardhi yenyewe, kwa sababu hapa ndipo watu wetu wanapoumia zaidi. Mfanyakazi anasema "nimenunua ardhi". Lakini katika nchi hii ardhi si ya namna moja. Katiba ya 1995 inataja namna nne za kumiliki: ya mila, ya moja kwa moja isiyo na muda, ya mailo, na ya kukodishwa kwa muda. Anayefanya kazi Kyenjojo, anayefanya kazi Kakira na anayefanya kazi Lugazi wanaweza kununua viwanja vya ukubwa ule ule na kupata vitu vitatu tofauti.

Mailo ni jambo la Buganda hasa. Mkataba wa 1900 uliwagawia Kabaka, wakuu na machifu ardhi kwa maili za mraba, na jina limetoka hapo. Wakulima waliokuwa juu ya ardhi hiyo wakajikuta wapangaji. Sheria ya 1928 iliweka mpaka juu ya busuulu na envujjo walizotozwa, na tangu wakati huo kumekuwa na watu wawili juu ya ardhi moja: mwenye hati, na mwenye kibanja. Amri ya 1975 ilisema ardhi yote ni ya umma, na Katiba ya 1995 ikarudisha mailo. Ndiyo maana karatasi za zamani zinavuruga watu hata leo.

Ukinunua kibanja, basi, hununui ardhi. Unanunua haki ya kukaa na kutumia juu ya ardhi ya mtu mwingine, na kumlipa busuulu kila mwaka. Haki hiyo si ndogo. Sheria ya Ardhi ya 1998 inamlinda aliyekaa kwa ruhusa ya mwenye ardhi au chini ya sheria zile za zamani, na inamlinda pia aliyekaa bila kupingwa kwa miaka 12 au zaidi kabla ya Katiba, yaani tangu 1983 au nyuma yake. Marekebisho ya 2010 yaliongeza kwamba mwenye kibanja wa namna hiyo hawezi kufukuzwa ila kwa amri ya mahakama, na kwa sababu ya kutolipa busuulu tu. Tunza stakabadhi za busuulu kama unavyotunza cheti cha kuzaliwa cha mtoto.

Lakini marekebisho hayo hayo yana upande wa pili ambao madalali hawautaji. Mwenye kibanja akitaka kuuza, lazima kwanza ampe mwenye ardhi nafasi ya kununua, na lazima apate kibali chake. Akiuza kwa siri amefanya kosa la jinai, mauzo ni batili, na haki yake juu ya kibanja inapotea. Fikiri maana yake kwako wewe uliyenunua: hakuna ulichonunua. Kumega kipande cha kibanja nako kunataka kibali. Mhuri wa mwenyekiti wa kijiji hauwezi kuchukua nafasi ya kibali hicho. Mwenyekiti ni shahidi mzuri wa kwamba fulani anakaa hapa na anajulikana. Si mwenye ardhi wala si ofisi ya hati. Wengi wao ni watu waaminifu, lakini tumeona mhuri mmoja juu ya karatasi tatu za kiwanja kimoja.

Kwa hiyo, mwambie anayekuuzia akupeleke kwa mwenye ardhi, uso kwa uso. Akisema mwenye ardhi yuko ng'ambo, au ni mgonjwa, au "tutamwona baadaye", rudi nyumbani na fedha zako.

Katika Toro, Busoga na kwingineko kwenye ardhi ya mila, swali ni tofauti: je, ukoo unajua? Shamba ni la familia ingawa limelimwa na mtu mmoja. Wake, watoto wakubwa, ndugu na wazee wa ukoo wawepo, na majirani wa pande zote nne watie sahihi. Mwenye ardhi ya mila anaweza kupata cheti cha umiliki wa kimila kupitia kamati ya ardhi na bodi ya wilaya; muuzaji mwenye cheti hicho ni bora kuliko asiye nacho. Ardhi ya kukodishwa nayo, soma miaka iliyobaki. Kodisho la awali mara nyingi ni la miaka 5, ili mtu ajenge kwanza. Ukinunua mwaka wa nne umenunua haraka kubwa. Wenzetu waliotoka Kongo, Rwanda au Burundi na ambao si raia wakumbuke kwamba sheria inawaruhusu kukodi tu, muda usiozidi miaka 99. Mailo na ile isiyo na muda haziwahusu, na anayewauzia hizo anawadanganya.

Ikiwa kuna hati, usiridhike kuitazama. Hati za bandia zina mihuri mizuri kuliko za kweli. Chukua namba za kitalu na kiwanja, nenda ofisi ya ardhi ya kanda, kama zile za Jinja, Mukono, Masaka, Mbarara, Mbale au Fort Portal, ulipe ada ya upekuzi upate taarifa iliyoandikwa: mmiliki ni nani, kuna rehani ya benki, kuna zuio lililowekwa na mtu mwingine. Fanya hivyo mwenyewe, si dalali akufanyie. Na ufanye karibu na siku ya kulipa, kwa sababu taarifa ya miezi mitatu iliyopita haisemi lililofanyika wiki iliyopita. Kisha mpimaji aje aoneshe kwamba kiwanja kilicho katika karatasi ndicho mnachokikanyaga. Tumeona hati ya kweli kabisa, ya kiwanja cha mlimani, ikitumiwa kuuza kiwanja cha bondeni.

Na bondeni penyewe tupaogope. Vinamasi, kwa mujibu wa Katiba, vinashikiliwa na serikali kwa niaba ya wananchi. Mwaka wa 2024 Mamlaka ya Mazingira (NEMA) ilibomoa nyumba nyingi katika kinamasi cha Lubigi karibu na Kampala, na wengi wa waliobomolewa walikuwa watu wa hali yetu, waliouziwa rahisi. Kanuni zinakataza kujenga ndani ya meta 200 kutoka ufuko wa ziwa kama Victoria, meta 100 kutoka mto mkubwa kama Nile, na meta 30 kwa mito midogo. Nenda kitazame kiwanja baada ya mvua kubwa, si mwezi wa kiangazi tu. Ukiona mafunjo upande wa pili wa ua, ujue kwa nini bei imekuwa nzuri.

Kuhusu nyumba za zamani za madukani, zile zilizoachwa na Waasia waliofukuzwa mwaka wa 1972, tutasema kwa kifupi. Sheria ya 1982 iliweka njia ya kuwarudishia wenyewe, na mpaka leo kuna kesi. Mfanyakazi wa kawaida hana fedha za kesi kama hizo. Aziache.

Linabaki suala la mume na mke, na hapa tutawaudhi baadhi ya wasomaji. Ardhi ambayo familia inakaa na kupata riziki yake haiwezi kuuzwa wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mke au mume. Ndivyo isemavyo Sheria ya Ardhi. Kwa mnunuzi maana yake ni hii: kama mke wa muuzaji hayupo kwenye kikao, mauzo yanaweza kuanguka. Usikubali kuambiwa "huyu mwanamke hahusiki". Na wewe unayenunua, jina la mkeo liwe katika karatasi. Yule mama wa mwenzetu alitoa 1,400,000 zake, lakini katika karatasi yenye sahihi sita hakuna sahihi yake. Alituambia kwamba siku ile ya mwembe alitaka kwenda kuwaamkia watu wa nyumba ile iliyoonekana nyuma ya migomba, akaambiwa aache, mambo ni ya wanaume.

Kuna pia mirathi. Mtoto wa marehemu, hata akiwa wa kwanza, hawezi kuuza mali ya marehemu mpaka mahakama au mamlaka inayohusika imempa barua ya kusimamia mirathi. Mwombe akuonyeshe. Kijana wa Mukono hakuwa nayo, na swali hilo moja lingeokoa 9,000,000.

Karatasi ya mapatano iandikwe katika lugha unayoielewa. Sheria ya kuwalinda wasiojua kusoma inataka asomewe na kuelezwa kabla ya kutia alama, na aliyeiandika aweke jina lake. Usione haya kusema "sijaelewa, rudia." Fedha zipite benki, zigawanywe: kidogo siku ya mapatano, kilichobaki baada ya kibali cha mwenye ardhi au baada ya kukabidhiwa fomu za kuhamisha zilizotiwa sahihi. Muuzaji anayekataa benki anajua sababu yake. Wakili anagharimu, ni kweli, lakini wanachama wakienda watatu au wanne kwa pamoja, wengi hupunguza.

Tungependa pia kueleza habari za wachuma chai wanane, akina mama wa shamba moja la magharibi, maana hawakufanya makosa ya mwenzetu. Walianza na kisanduku cha kufuli tatu, kila mmoja akiweka 10,000 kwa wiki. Kwa mwaka ni 520,000 kila mtu, 4,160,000 kwa wote. Mwaka wa tatu walikuwa na zaidi ya milioni 12, kwa sababu walikopeshana kwa riba ndogo na riba ikarudi kisandukuni. Walinunua shamba moja la mila wakaligawa wenyewe. Kabla ya kulipa walifika pale mara tano: mara moja usiku, mara moja baada ya mvua, na mara tatu walikaa tu na majirani, wakinywa maji na kuuliza habari za watoto. Katika mara ya nne jirani mmoja aliwaambia kwamba upande wa kusini una ugomvi wa mpaka na mtu wa kanisani. Wakasimama. Wakangoja miezi miwili mpaka wazee wakaketi, mpaka ukapandwa miti ya dracaena, ile Waganda huiita emiramula, kila mtu akiona. Ndipo wakalipa. Muuzaji aliwakasirikia sana kwa kumchelewesha, mmoja wao alituambia, "lakini sisi tulikuwa wanane na yeye alikuwa mmoja, tukamwacha akasirike."

Mpaka sasa nyumba tano kati ya nane zimesimama. Tatu zina mabati, mbili zimefika madirishani. Wanajenga chumba kimoja kwanza wanahamia, kisha wanaongeza. Na tofali hununua wakati wa kiangazi bei inaposhuka. Hakuna aliyechukua mkopo wa zaidi ya 1,000,000.

Mwenzetu wa kiwanda cha nguo alipeleka shauri lake mahakamani akisaidiwa na chama, na kijana yule bado anatafutwa. Jumamosi moja alikwenda tena Mukono na mkewe, si kwa ugomvi, bali kumwona mjane. Walikaribishwa chai. Mjane alimwambia kwamba kama angalibisha hodi siku ile ya kwanza, angalimweleza kila kitu.

Mwanachama yeyote anayetaka kununua kiwanja au nyumba alete karatasi kwa katibu wa tawi lake kabla ya kutia sahihi. Alete majina ya muuzaji na ya mwenye ardhi, namba za kitalu ikiwa ipo hati, na taarifa yake ya NSSF. Mke au mume waje pamoja. Ofisi ya tawi hufunguliwa Jumamosi baada ya zamu ya asubuhi, na hakuna malipo.